Kahawa yenye alama ya "biashara ya haki": mama wa Mbalizi anapata nini?



Miongoni mwa masuala yaliyotufikia mwezi huu limo la mama mmoja wa Unguja ambaye binti yake anaishi Uingereza. Binti alipokuja likizo alimletea mama yake pakiti ya kahawa iliyoandikwa kuwa inatoka Tanzania. Ina alama ya "biashara ya haki", na pembeni pana maelezo kwamba kuinunua ni kuwasaidia wanawake wakulima. Kwa maneno ya binti, bei yake ni karibu mara mbili ya kahawa ya kawaida ya madukani kwao. Mama anauliza mambo matatu. Je, Muislamu mwenye uwezo analazimika kununua vitu vya namna hii? Ile ziada ya bei inahesabika sadaka, au hata zaka? Na sisi tunaonunua kahawa na mbatata Darajani bila ya alama yoyote, tuna dhima gani mbele ya Allah?

Mawili ya mwanzo hayana uzito mkubwa. Kununua bidhaa hizo si wajibu. Ni jambo la halali, na mwenye nia njema analipwa kwa nia yake. Ziada ya bei si zaka. Zaka ni mali inayomilikishwa mmoja wa watu wa aina nane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, bila ya mtoaji kupokea badali, na hapa mnunuzi amepokea kahawa yake. Mwenye kuikata ziada hiyo katika hesabu ya zaka, zaka bado iko shingoni mwake. Kuiita sadaka kwa maana pana ya wema hakuna ubaya, ila asijipe hesabu ya sadaka kwa kitu alichokinywa mwenyewe.

Suala la tatu ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu linatuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko linavyomhusu binti aliyeko Uingereza.

Tuanze na alama yenyewe, maana wengi wanaiona na hawajui inadhamini nini. Ilianzia Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar, kwa ajili ya kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico, na mwaka 1997 jumuiya za nchi mbalimbali zikaungana kuwa shirika moja la kimataifa. Mfumo wake una nguzo mbili. Ya kwanza ni bei ya chini: kwa kahawa ya arabika iliyooshwa, tangu Agosti 2023 mnunuzi hatakiwi kulipa chini ya dola 1.80 kwa ratili moja, yaani karibu gramu 454. Soko likipanda juu ya hapo, analipa bei ya soko. Nguzo ya pili ni nyongeza ya senti 20 kwa kila ratili, ambayo haiendi mfukoni mwa mkulima bali kwenye akaunti ya chama, na wanachama katika mkutano mkuu ndio wanaoamua itumike vipi: darasa, zahanati, mashine ya kumenyea kahawa, au igawanywe.

Baadhi ya vijana wetu wa vyuoni wameuliza kama bei hii ya chini haiingii katika tas-iir, yaani kupanga bei, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alikataa kulifanya Madina watu walipomlalamikia kupanda kwa bei. Haiingii. Alichokataa ni mtawala kumlazimisha mwenye mali auze kwa bei asiyoitaka. Hapa mnunuzi na muuzaji wamekubaliana kwa hiari yao kwamba bei haitashuka chini ya kiwango fulani, na masharti kama hayo baina ya watu wazima wenye ridhaa hayana tatizo. Na faida yake ni ya kweli. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya kahawa katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili. Mkulima aliyekuwa na mkataba wa bei ya chini alipata kitu cha kushika wakati jirani yake aling'oa mibuni. Lakini faida hiyo inakuja na kuondoka. Februari 2025 bei ilipita dola 4, na kwa msimu kama huo bei ya chini ya dola 1.80 haimwongezei mkulima chochote.

Kwa hapa Tanzania mfumo huu si mgeni. Vyama vikuu vya KNCU kule Kilimanjaro na KCU kule Kagera vimeuza kahawa kwa njia hii kwa miaka mingi. Mkoani Mbeya, jumuiya ya wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, upande wa Tukuyu, nayo imekuwa na uthibitisho huo, na chai yake imefika mezani kwa Waingereza. Kwa hiyo pakiti ya yule binti si ulaghai. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani kila kizuri kinachoandikwa na Wazungu kwenye pakiti ni hadaa.

Hata hivyo, angalia tena sentensi niliyoiandika juu: wanachama ndio wanaoamua. Mwanachama ni nani?

Mwaka jana niliitwa kutoa darsa Mbeya, na wenyeji wangu wakanichukua mpaka Mbalizi. Kwa asiyepajua, ni mji wa biashara ulio mwendo mfupi magharibi ya jiji la Mbeya, juu ya barabara kuu ya kwendea Tunduma na Zambia. Wazee wa huko bado wanautaja kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers. Kutoka hapo njia moja inapanda milima ya Umalila, Santilya na Ilembo, kwenye mbatata na pareto. Barabara kuu inaendelea mpaka Mbozi, ambako ndiko kwenye kahawa nyingi zaidi ya ukanda ule. Ilikuwa Juni, na baridi ya huko mtu wa Unguja haizoei. Niliswali Alfajiri nimevaa makoti mawili.

Kahawa ya kule ni kazi ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Tunda linachumwa likiwa jekundu, moja moja. Kilo tano hivi za matunda mabivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda. Baada ya kuchumwa inamenywa, inavundikwa, inaoshwa kwa maji, kisha inaanikwa juu ya vichanja kwa wiki moja mpaka mbili. Kila siku lazima igeuzwe, ifunikwe jua likiwa kali au mawingu yakitanda, na mbegu mbovu zichambuliwe kwa vidole. Ubora unaolipiwa Ulaya unapatikana au unapotea hapo kwenye kichanja. Na katika vichanja nilivyotembezwa, mikono iliyokuwa ikigeuza na kuchambua ilikuwa karibu yote ya wanawake.

Nilimwuliza mama mmoja wa makamo, baada ya salamu na mazungumzo marefu ya watoto na mvua, mwisho wa msimu fedha anapokea nani. Akacheka, akasema: "Baba, jina ni la mzee."

Jina alilokuwa akilikusudia ni lile lililomo kwenye daftari la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Tangu msimu wa 2018 serikali iliagiza kahawa yote ya wakulima ipitie kwenye vyama hivi kabla ya kufika mnadani. Mkulima anapimiwa, anapata malipo ya awali, kisha anangoja malipo ya pili kahawa ikishauzwa. Fedha inaingia kwa jina lililoandikwa. Anayeandikwa ni mwenye shamba, na shamba, kwa mila za huko, ni la baba na baadaye la mtoto wa kiume, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamme. Basi mwenye jina ndiye anayekwenda mkutanoni, ndiye anayenyoosha mkono kuamua zile senti 20 zifanye nini.

Sisemi kwamba waume wa Mbozi na Mbalizi ni madhalimu. Wengi wanarudi nyumbani na fedha, wanalipa ada za skuli, wananunua mbolea. Lakini kwa mtazamo wa sharia yetu, kumlisha mke ni wajibu wa mume hata kama mke hakugusa kahawa. Nafaka si ujira. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake nao wana fungu katika walichokichuma wao. Mwanamke aliyesimama kichanjani wiki sita za msimu amechuma. Kumwambia "si unakula hapa" ni kuchanganya haki mbili na kumlipa moja tu.

Na nyuma ya mke wa mwanachama yupo mwanamke mwengine ambaye pakiti haimjui kabisa, naye ni kibarua. Huyu hana shamba wala mume mwenye shamba. Anakuja msimu wa kuchuma, analipwa kwa ndoo au kwa debe, na msimu ukiisha anaondoka. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London, wakiongozwa na Christopher Cramer, walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka kadhaa kuhusu vibarua wa mashambani nchini Ethiopia na Uganda. Waliona kwamba vibarua katika maeneo ya vyama vyenye alama hii hawakuwa wakilipwa vizuri kuliko wa kwengine, na mara nyingi walilipwa kidogo zaidi. Wenye alama walipinga, wakisema mashamba makubwa yamelinganishwa na wakulima wadogo ambao wenyewe ni maskini. Hoja yao ina uzito wake. Hata hivyo haimrejeshei kibarua chochote, na inathibitisha lile ninalolisema: mfumo ulijengwa kwa ajili ya mwenye shamba dogo, na aliyeajiriwa na mwenye shamba dogo amebaki nje ya hesabu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mtu aliyemwajiri mwenziwe, akachukua kazi yote kisha asimpe ujira wake, ni miongoni mwa watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa khasimu yao Siku ya Kiyama. Hapo hapakutajwa dini ya mfanyakazi. Nalisema hili kwa sababu kuna ndugu aliyeniambia, nilipomsimulia safari yangu, kwamba watu wa kule wengi ni Wakristo, hivyo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Katika Sunan ya Abu Daud yamo maonyo kwamba mwenye kumdhulumu asiyekuwa Muislamu aliye katika ahadi, au kumpunguzia haki yake, Mtume mwenyewe atamhoji siku hiyo. Mwenye akili haendi Kiyama na khasimu wa namna hiyo kwa sababu ya gunia la mbatata.

Na mbatata ndiyo inayotuleta nyumbani.

Kahawa ya alama inakwenda Ulaya. Kwenye maduka yetu ni nadra kuiona. Lakini viazi vya Nyanda za Juu Kusini, maharage, mchele wa Kyela na Usangu, hivyo tunavila. Mbatata ya urojo, ya katlesi, ya kachori za Ramadhani, sehemu yake inatoka katika milima ile, inashuka kwa lori mpaka Dar es Salaam na inavuka bahari mpaka kwetu. Pale Mbalizi niliona magunia yanayoshuka kutoka Umalila, na hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake limeshonewa kofia ya nyavu au kipande cha gunia jengine, nayo imejazwa mpaka ikawa kama kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi anaondoka na gunia na zaidi yake.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haziruhusu. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiwakamata watu miaka nenda miaka rudi. Lumbesa haijesha kwa sababu kila mmoja katika mnyororo anamtupia mwenziwe. Mkulima anasema nisipojaza, tajiri hanunui. Wakala anasema bila ya lumbesa siuzi Dar. Muuzaji wa jumla anasema wateja wamezoea. Hatimaye mzigo unafika visiwani, unamwagwa, unapimwa kwa kilo au kwa fungu, na ile kofia ya gunia inauzwa kama kawaida. Faida ya dhulma imegawanyika safari nzima, na kipande chake, hata kiwe kidogo, kimo kwenye sahani yetu.

Qur-ani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la watu hawa. Al-Mutaffifiin ni wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kamili, na wakiwapimia watu wanapunguza. Tumezoea kuisomea sura hii muuza duka anayeegemeza kidole kwenye mizani. Sehemu yake ya mwanzo, ya anayejipimia kwa kujizidishia, hatuitaji sana, nayo ndiyo lumbesa hasa.

Nani anayeibeba ile kofia ya gunia mgongoni kutoka shambani mpaka njiani? Nani anayechimba viazi hivyo na kuvichagua vikubwa kwa vidogo? Mkitembea njia ya Umalila asubuhi mtamwona, na mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Ipo dhulma nyengine, ya wakati. Kule Kagera inaitwa butura: mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa anauza kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei ya njaa, na mwenye fedha anakuja kuvuna. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, na huku Nyanda za Juu Kusini mtindo huohuo upo. Mwenye jina ndiye anayeingia mapatano. Mwanamke anaambiwa baadaye kwamba kahawa anayoipalilia si yao tena, naye anaendelea kupalilia. Wapemba wataifahamu hadithi hii bila ya tafsiri, kwa mikarafuu iliyowahi kukodishwa kabla ya msimu.

Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Amekataza pia kuwatokea njiani wenye bidhaa wanaotoka mashamba kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na aliyetokewa hivyo, akifika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kuvunja. Ukizisoma hadithi hizi ukiwa Mbalizi, unaona zimeteremka juu ya mas-ala yanayoonekana kwa macho.

Lakini sharia haikumwacha mwenye shida bila ya mlango. Upo mkataba wa salam. Mnunuzi analipa fedha yote leo, muuzaji anadaiwa kilo kadhaa za aina fulani, kwa tarehe inayojulikana. Tofauti yake na butura ni kubwa. Katika salam kinachouzwa ni kipimo kinachojulikana, si matunda ya mti huu au shamba hili; na bei inakubaliwa kwa kilo, si kwa kukadiria maua. Mvua ikiharibu shamba moja, muuzaji ana ruhusa kutafuta kwengine. Mavuno yakizidi, ziada ni yake.

Turudi kwa mwanamke na jina. Je, kuna mahali palipojaribiwa kuligusa hili? Papo, na si mbali. Kenya, upande wa Kericho na Nandi, vyama vya kahawa kwa kushirikiana na Fairtrade Africa viliwashawishi waume wawape wake zao sehemu ya mibuni yao. Mke mwenye mibuni kwa jina lake akaandikishwa chamani, akapimiwa kwa jina lake, akalipwa kwa jina lake. Huko Peru, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake wakulima walikwenda mbali zaidi wakaitenga kahawa yao na ya waume, ikauzwa chini ya jina la Café Femenino. Nilipoisoma habari ya Kericho nilifurahi, kwa sababu walichokifanya ni hiba kwa maana yake kamili ya kifiqhi, wakijua au wasijue.

Na kwa kuwa ni hiba, sharti lake ni lilelile. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema hiba haithibiti mpaka ikabidhiwe. Mibuni ikiandikwa kwa jina la mke, na fedha ikaendelea kuingia kwenye simu ya mume, hapo hapana kabdhi, na karatasi ile haijabadilisha kitu. Kwa hivyo ukikutana na pakiti iliyoandikwa kwamba "inasaidia wanawake", swali la kwanza la kuuliza ni hilo: malipo yanafika mkononi mwa nani? Maneno mazuri kuhusu mafunzo ya uongozi na usawa yasikutosheleze. Kahawa ambayo muuzaji wake anaweza kukuonesha kwamba mwanamke ni mwanachama kwa jina lake na analipwa moja kwa moja, hiyo ziada ya bei ina maana, na mwenye uwezo namhimiza ainunue. Isiyoweza kuonesha hivyo ni kahawa nzuri kama nyengine, na mtu ainunue kwa ladha yake.

Sasa hukumu ya mama wa nyumbani anayenunua Darajani au Mwanakwerekwe. Mbatata yenyewe ni halali. Dhambi ya kupunja iko juu ya aliyepunja, wala haimfuati kila mlaji mpaka jikoni. Tukisema vyengine tutawafungia watu riziki. Haimlazimu kuchunguza kila fungu. Anapoamrishwa ni pale anapojua. Akijua kwamba muuzaji fulani anapata mali yake kwa dhulma, na yuko mwengine asiyefanya hivyo, kumwacha wa kwanza kunaingia katika lile katazo la Suratul Maida la kusaidiana katika dhambi na uadui.

Kwa mfanyabiashara anayeagiza magunia, hukumu si hiyo. Yeye ndiye anayeitaka lumbesa, na kusema "soko ndilo linavyotaka" hakumwondolei dhima, kwani kwa wakulima wale soko ni yeye. Anaagizwa anunue kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa, na alipe papo hapo. Aliyekwisha kula ziada za watu na anawajua, awarejeshee au awaombe radhi. Asiowajua, atoe kadiri ya anachokikisia kwa niaba yao. Tukiwa na wafanyabiashara kumi tu wa bandarini wanaokataa lumbesa kwa pamoja, akinamama wa Umalila watapata faida kubwa kuliko alama yoyote itakayobandikwa Ulaya.

Na zipo njia ndogo. Familia za shehia moja zinaweza kuchangishana, zikaagiza kwa salam mbatata, maharage au kahawa kutoka kwenye kikundi cha wanawake, bei kwa kilo, na malipo yakaenda kwa simu zao wenyewe. Nilipolitaja hili Mbalizi, wanawake waliokuwapo hawakuniuliza kuhusu alama wala uthibitisho. Waliuliza tutatumia mizani gani.

Nimeulizwa pia kwa nini tunaangalia mbali wakati mwani uko mlangoni. Suala hili ni la haki. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi wa wanaokifanya ni wanawake, na wengi wa wanaokitia bei si wanawake. Wengine walipewa kamba na kampuni kwa sharti la kuiuzia kampuni hiyohiyo. Kamba zikiwa ni ariya, yaani kuazimwa, na mwani ukanunuliwa kwa bei ya soko, hapana neno. Zikiwa ni mkopo, na sharti la mkopo ni kumuuzia mkopeshaji kwa bei iliyo chini ya soko, basi huo ni mkopo unaomvutia faida aliyekopesha, na hukumu yake inajulikana. Lipi kati ya hayo mawili linafanyika, inategemea makubaliano ya kila pwani. Akinamama wa Paje, Jambiani, Michamvi na wa Pemba wenye nakala ya makubaliano yao, au wanaokumbuka yalivyosomwa mbele ya mashahidi, watufikishie. Yatasomwa moja moja na kujibiwa hapa hapa, kwa idhini ya Allah.

Wallahu aalam.